Baba Anaijua Barabara, Mimi Hanijui

Wengi mmeniuliza safari ya kumpeleka baba Ifunda ilikuwaje, na kila mmoja nimemjibu "salama tu" kisha nikainamia madaftari ya wanafunzi. Mwalimu wa Jiografia amefikia hatua ya kunikwepa kwenye chai, anadhani nimemnunia. Sijamnunia mtu. Ni kwamba jambo lenyewe halielezeki kwa dakika kumi za mapumziko, tena mbele ya sinia la maandazi. Kaeni basi mnisome.

Kwa wasiomjua, baba yangu aliendesha malori kati ya Mbeya na Iringa kwa zaidi ya miaka thelathini. Mama alipofariki miaka minne iliyopita, nilimchukua nikaja kukaa naye kwangu hapa Soweto, Mbeya. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshaanza kumnyemelea, sisi tukadhani ni majonzi. Siku hizi anapotea kati ya sebule na choo. Mimi ananiita nesi. Na kila siku inapofika saa kumi jioni huvaa koti lake, husimama getini na kuniambia, "Haya nesi, mimi nakwenda nyumbani."

Daktari wake, binti mdogo mwenye subira, alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa. Alisema ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Seli zake zimeshikana kama mtandao: hii inawaka ukiwa mlangoni, ile ukiwa jikoni, na mfuatano wa kuwaka kwake ndiyo njia. Tena hata kabla hujainua mguu, seli hizo zinaweza kuwaka kwa mfuatano uleule. "Ubongo unatangulia kutembea, mwalimu, miguu inafuata." Kwa baba, ugonjwa ulianzia hapohapo. Ndiyo maana nyumba yangu haijawahi kuchorwa kichwani mwake, hata baada ya miaka minne. Njia za zamani huenda zimeenea sehemu nyingine za ubongo na bado zipo. Alisema huenda, hakusema ndiyo.

Nimefundisha Baiolojia miaka mingi, na ubongo kwenye mtihani huwa una alama chache tu. Siku ile nilikaa kwenye benchi la hospitali kama mwanafunzi aliyefeli.

Kaka yangu Festo, anayekaa kwenye nyumba ya wazazi Ifunda, ndiye aliyetoa wazo. Nimlete baba. Akiitambua nyumba na akatulia, atabaki huko. Asipoitambua, nirudi naye Soweto na tuweke kufuli getini. Nilikubali. Sasa niwaambieni ukweli ambao Festo hakuambiwa: nilikuwa naomba asiitambue. Hanijui, ananiita nesi, lakini asubuhi nikimpa chai husema "ubarikiwe", na sauti ni ileile. Nilitaka kurudi naye.

Soweto hadi Chimala

Tuliondoka alfajiri, baridi ya Juni mnaijua. Baba alipokaa tu kiti cha mbele na kufunga mkanda, unesi wangu ukaisha.

"Dereva, umeangalia maji na oili?"

"Nimeangalia, baba."

"Twende."

Kuanzia hapo nikawa dereva. Tulipofika mteremko wa Inyala nikakanyaga breki, akanigeukia kwa ukali ambao sijauona tangu nikiwa darasa la nne. "Gia ya pili! Hapa hapashukwi kwa breki. Utatuua." Nikaweka gia ya pili. Mtu ambaye jana yake aliingia kabatini akitafuta choo alinitajia kila kona kabla haijatokea, na kila kona ilitokea.

Chimala tuliingia mgahawani kula wali maharage na nyama ya mchuzi. Mchele wa pale hauhitaji sifa yangu. Nilipogeuka kuagiza maji ya uvuguvugu, kiti cha baba kikawa kitupu.

Nilimkuta duka la pili, la vifaa vya ujenzi. Alikuwa ameshapita nyuma ya kaunta, anasukuma ndoo za rangi na kugonga ukuta kwa ngumi. Mfanyakazi alikuwa amemkamata mkono wa shati, na watu wameanza kusogea mlangoni kutazama mwizi. Mwenye duka, Bwana Salim, ni Mwislamu ambaye babu zake walitoka India, ila Kiswahili chake ni cha Chimala kabisa.

"Mzee, huko ni stoo! Unatafuta nini humo?"

"Mlango," baba akasema. "Nataka kunawa. Mlango uko wapi?"

Niliomba radhi, nikaeleza hali yake, huku uso unaniwaka kwa aibu. Hapo mama yake Salim, bibi aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na shali begani, akanyoosha mkono.

"Mwachieni huyo. Palikuwa na mlango hapo. Madereva wote walikuwa wanapita kwenda kunawa uani, bombani. Baba yako ndiye aliyeuziba, Salim. Wewe ulikuwa bado unabebwa."

Salim akautazama ukuta wake kana kwamba ndiyo anauona leo. Mfanyakazi akaachia shati. Baba akalinyoosha vizuri, akawaambia wote, "Mmeziba njia, halafu mnasema mimi ndiye nimepotea." Watu walicheka, na yule bibi akaagiza aletewe maji ya kunawa kwenye birika. Tulirudi kwenye wali uliokwisha kupoa.

Kupita Igawa

Ninyi mnaosafiri barabara hii mnajua kwamba gari likiharibika, dereva hukata matawi na kuyapanga barabarani kwa nyuma ili wanaokuja wapunguze mwendo. Sote huyaona, tukapunguza, tukapita. Baba huyasoma.

Tulikuwa tumeshaiacha Igawa, tunapanda kuelekea Makambako, nilipoona matawi ya kwanza.

"Simama," akasema. "Shuka ukayaangalie hayo majani."

"Ni gari limeharibika tu, baba. Tutalipita."

"Yamenyauka. Na wameyaweka upande wa kwenda na wa kurudi. Hapa hapapitiki leo."

Nilimwitikia kama tunavyowaitikia wazee, "Ndiyo baba, ndiyo," nikakanyaga mafuta. Baada ya kilomita chache tukakuta foleni. Tela lilikuwa limelala kukata barabara yote, limelala tangu usiku, na winchi ilikuwa haijafika. Tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Kina mama wa jirani walishajua, wakaja na mahindi ya kuchemsha, parachichi na chupa za chai, na biashara ikanoga. Mwanamke mmoja aliyeniuzia mahindi aliniuliza kwa nini sikugeuza mapema wakati matawi yalikuwepo. Nikampa pesa yake.

"Baba," nikasema, "ulichoniambia kilikuwa kweli."

Akanitazama kwa upole. "Nilisema nini?"

Kutaka kumwomba mtu msamaha kwa neno alilokwisha kulisahau ni upweke wa aina yake. Nililia kidogo, nimegeukia dirisha, na yeye akanipa nusu ya hindi lake.

Kisha akauliza tunakwenda wapi. Nikasema Ifunda. Akafumba macho. Nilidhani amelala, ila kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya goti: kinakwenda, kinasimama, kinarudi nyuma kidogo, kinakunja, kinakwenda tena. Nikamkumbuka yule daktari. Watafiti wameliona jambo hilo kwa panya: akifika njia panda husita, hugeuza kichwa huku na huku, na ndani ya kichwa seli huwaka kana kwamba ameshaingia njia moja, kisha nyingine, kabla hajachagua. Anajaribu safari bila kusafiri. Huko ndiko kunakoitwa kupanga.

Baba akafumbua macho. "Geuza gari. Turudi Rujewa, tupite Madibira, tutatokea Mafinga."

Safari hii nilisikia.

Rujewa hadi Madibira

Ile ni barabara ya vumbi, na mimi sikuwahi kuipita. Simu yangu ilikosa mtandao mara baada ya kuiacha lami. Tulipofika mahali njia inapogawanyika, bila kibao wala mtu, nikasimamisha gari na kusubiri.

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akarudi kulia. Nilizima hata redio. Nilijua kwamba wakati ule baba alikuwa hayupo kwenye kiti. Alikuwa mbele yetu, peke yake, anazijaribu njia zote mbili na lori ambalo halipo tena.

"Kulia," akasema. "Hiyo nyingine inaishia mashambani, utageuzia wapi tela?"

Tukakunja kulia. Mbele kidogo tulikutana na vijana wa bodaboda wamebeba magunia, nikawauliza. Mmoja akasema, "Uko sawa kabisa mama, ile ingewapeleka kwenye majaruba ya mpunga. Nani kakuelekeza?" Nikamwonyesha baba. Wakampa shikamoo, naye akaitikia kwa mkono kama madereva wanavyopungiana.

Nilifurahi, halafu furaha yenyewe ikaniuma. Kichwani mwake mlikuwa na nafasi ya kila daraja na kila mchanga kati ya Rujewa na Mafinga. Njia ya kufika kwenye jina langu ndiyo aliyokuwa hana. Kila tulivyokwenda bila kupotea ndivyo nilivyozidi kuona kwamba nyumba ataipata, na mimi nitarudi na kiti kitupu.

Madibira tulifika jua likianza kushuka. Ulikuwa wakati wa mavuno, mpunga umeanikwa kwenye maturubai pembeni mwa barabara, na mashine za kukoboa zilikuwa zinanguruma. Tulipata vyumba kwa Mama Neema, Msangu mcheshi mwenye gesti ya vyumba sita. Akatupikia wali mpya na kambale.

"Huyu mzee ni baba yako au mkweo?" akaniuliza.

Baba akawahi. "Huyu ni dereva wangu. Anaendesha vizuri, ila hasikii."

Mama Neema alicheka mpaka akaweka upawa chini. Baada ya kula baba akamweleza habari za nyumbani kwake: mkewe anamsubiri, hapendi baridi ingawa kazaliwa kwenye baridi, na kila akipita Madibira lazima ampelekee mchele, la sivyo hasemeshwi siku mbili. Yote ni kweli. Mama alikuwa hivyo hivyo. Mama Neema akanipimia mchele kwenye mfuko, na baba akaulaza mapajani.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba mama hayupo. Niliwahi kumwambia, mwaka wa kwanza. Alilia kama mtu aliyepokea msiba saa ileile, na kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena, akalia tena. Siku ya tatu nikasema kasafiri. Jioni ile ya Madibira nilikaa nikamsikiliza akimsifia mama kwa mgeni, nikatamani na mimi niwe na kichwa ambacho ndani yake mama bado anasubiri mchele. Namkumbuka mama yangu. Namkumbuka na baba, ambaye alikuwa amekaa mbele yangu anachambua miiba ya samaki.

Mafinga hadi Ifunda

Asubuhi tuliendelea na vumbi letu, na tulipotokea Mafinga tukapokelewa na baridi ya kukata masikio na harufu ya mbao mbichi. Hapo tulikunywa chai ya maziwa na chapati, tumesimama, kwa sababu baba alikataa kukaa. "Tukikaa tutachelewa." Alikuwa na haraka ya mtu anayekaribia kwake.

Ifunda alisema "punguza" kabla sijaona njia yetu. Nilisimama pale njia ya kijijini inapoanza, kama tulivyopatana na Festo. Festo alikuwa ndani ya nyumba na aliahidi kutotoka wala kuita. Tulitaka tuone kama baba atafika mwenyewe.

"Dereva, wewe hushuki?"

"Tangulia, baba. Nakuja."

Akashika mfuko wake wa mchele, akatangulia. Nikamfuata kwa mbali. Alipita shamba la mahindi yaliyovunwa, akafika mahali ambapo jirani amejenga nyumba ya matofali katikati kabisa ya njia yetu ya zamani. Akasimama. Aliitazama ile nyumba kwa muda mrefu, akageuza kichwa kulia, kushoto. Na mimi pale nyuma, Mungu anisamehe, nikasema moyoni: potea, baba. Rudi kwangu.

Akashuka kushoto, akauzunguka uzio kwa upande wa kijito, akapanda kwenye migomba na kutokea uani kwetu. Mbwa asiyemjua akabweka, akamkemea kwa Kihehe, mbwa akanyamaza. Mlango wetu umeshuka bawaba tangu tukiwa watoto, na mgeni yeyote huusukuma ukamgomea. Baba aliuinua kwanza, ndipo akasukuma.

Nikasikia Festo akisema, "Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba, Festo. Mama yako yuko wapi?"

Festo aliitwa kwa jina lake. Nilikaa chini palepale penye migomba. Daktari aliwahi kuniambia kwamba huenda ubongo huwahifadhi watu pamoja na mahali walipo. Festo alikutwa mahali pake, ndiyo maana akapatikana.

Siku tatu za nyumbani

Sikuwa na tumaini tena, nilikuwa nahesabu tu siku tatu tulizopatana na Festo za kumtazama. Saa kumi ya siku ya kwanza ikafika, baba hakuvaa koti. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Choo, kilicho nje ng'ambo ya zizi, alikwenda na kurudi bila kuuliza mtu. Siku ya pili alizunguka nyuma ya nyumba, nikamchungulia kwa hofu. Alisimama kwenye kaburi la mama, akavua kofia, akaondoa majani makavu kwa mkono, jani moja moja. Hakulia. Alirudi akakaa jotoni jikoni, na tangu hapo hakuuliza tena mama yuko wapi. Ule mchele tuliupika usiku huo, akasema chumvi haikutosha, maana mama alikuwa anazidisha.

Mimi bado nilikuwa dereva. Alimwagiza mke wa Festo anitengee nyama, kwamba madereva wanachoka. Usiku nilimwambia Festo, "Anabaki." Festo akataka kunifariji, nikamwomba asiseme kitu.

Siku ya tatu asubuhi nilipakia mkoba wangu. Baba alinisindikiza hadi kwenye gari, akalizunguka kukagua matairi, akalipiga teke moja la nyuma, akaridhika.

"Unarudi wapi, dereva?"

"Mbeya, baba. Soweto."

"Basi sikiliza. Rudi na lami, ile ya Madibira usiipite peke yako. Makambako pumzika. Ukiona majani, shuka uyaangalie, usijifanye una haraka. Inyala unaijua."

"Naijua. Gia."

"Gia." Akashika mlango wa gari, hakuufunga. Alitazama chini, kidole kinatembea juu ya ukingo wa dirisha, taratibu, kona baada ya kona, mpaka kikasimama.

"Soweto nina binti," akasema. "Ni mwalimu. Enzi anasoma, nilikuwa nikifika nyumbani na lori usiku ananifungulia na kunipashia chakula hata kama alikuwa na mtihani. Sijamwona siku nyingi sana, dereva. Atakuwa ananitafuta."

Nilishika usukani kwa mikono miwili.

"Ukifika, uliza nyumba ya mwalimu Anjelina. Mwambie baba amefika nyumbani salama. Mwambie asihangaike."

Zaidi ya mwaka mzima nilikuwa sijalisikia jina langu kinywani mwake.

"Nitamwambia, baba," nikasema.

"Usisahau," akasema, akaufunga mlango.